Bamba la Kuunganisha Motere na Bwati Zisizo za Kabila Moja

Katika somo hili tutajifunza kutengeneza bamba la chuma linalokaa kati ya motere na bwati ya vitesi, ikiwa vitu viwili hivi havikutoka katika kiwanda kimoja. Huenda mtu akauliza: Je, habari za garaji zaingiaje katika kitabu cha wakulima? Jibu liko barabarani. Viazi na kabichi za Masisi, mahindi na maharagwe ya Rutshuru, havifiki Goma vyenyewe. Chukudu zachukua mizigo mingi, nazo zimewalisha watu wengi wa mji huu, lakini chukudu haiwezi kuchukua tani tatu. Kamyo ndogo ikilala wiki tatu kwa sababu motere yake imepasuka, kabichi zaoza huko juu ya milima.

Basi motere ya kabila ile ile haipatikani kila siku. Pengine yapatikana, lakini bei yake yashinda bei ya gari zima. Karibu na hapo pana motere nyingine, nzima kabisa, iliyotolewa katika gari lililogongwa. Fundi asema, "Nitaiunganisha." Wenye gari, ambao mara nyingi ni wakulima waliochanga fedha pamoja, sharti waelewe kazi hiyo, wapate kumwuliza fundi maulizo ya maana kabla ya kulipa. Na kijana anayejifunza ufundi hapa Mapendo afuate somo hili akiwa na chuma mkononi, asilisome tu.

MANENO YA KAZI. Motere ni ile ambayo watu wa pwani huiita injini. Bwati ni giaboksi. Motere ya mazutu ni ya dizeli, na ya esanse ni ya petroli. Rulema ni beringi. Mhimili ni chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka. Motere ina mhimili wake, na bwati ina wake. Mbele ya bwati pana nyumba pana iliyo wazi, mfano wa kengele, nasi tutaiita kengele. Nyuma ya motere pana gurudumu zito la chuma, lenye taji la meno pembeni. Juu ya gurudumu hilo hukaa sahani ya klachi pamoja na kifuniko chake cha kuikandamiza.

KABLA YA KUKATA CHUMA

Kwanza angalieni kama bamba linahitajika. Motere nyingi za kamyo kubwa, za jenereta na za mashini za mashamba zina nyumba za nyuma zilizotengenezwa kwa vipimo vya namba. Chama cha mainjinia wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE, ndicho kilichoweka namba hizo. Namba 3 ina matundu 12 juu ya duara la mm 428.6, na Namba 4 ina matundu 12 juu ya duara la mm 381. Ikiwa motere na bwati zote mbili ni za namba moja, zitakutana bila bamba. Magari madogo na kamyo ndogo hazifuati namba hizo, kila kiwanda chafanya chake, na huko ndiko bamba linakotakiwa.

Pili, pimeni nguvu. Mji wa Goma uko juu, kadiri ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Motere isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kadiri ya sehemu moja katika mia kwa kila meta 100 za kupanda. Kwa hiyo motere ileile iliyovuta vizuri Mombasa, hapa imekwisha kupoteza kama sehemu 15 katika mia, na juu ya milima ya Masisi yapoteza zaidi. Ndiyo sababu watu hupenda kutia motere kubwa kuliko ya kwanza. Haya, lakini bwati ya gari dogo haistahimili motere ya kamyo. Meno yake yatavunjika mlimani, mzigo ukiwa juu. Tena angalieni upande wa kuzunguka. Motere nyingi za magari, ukizitazama kutoka mbele, huzunguka kama mishale ya saa, lakini si zote. Bwati ikifungwa juu ya motere ya upande mwingine, gari litakuwa na vitesi vingi vya kurudi nyuma na kimoja cha kwenda mbele.

NENO KUBWA LA SOMO HILI

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya bamba ni matundu. Huweka bwati juu ya karatasi, huchora matundu, huweka motere juu ya karatasi nyingine, huchora tena, kisha hutoboa. Buloni zikiingia zote, hufurahi na kusema kazi imekwisha. Sivyo. Kazi ya bamba ni kuufanya mhimili wa motere na mhimili wa bwati kuwa mstari mmoja ulionyoka. Buloni hazijui kati. Buloni hukaza tu. Tundu la buloni huwa pana kuliko buloni yenyewe kwa nusu milimeta au milimeta nzima, na ndani ya nafasi hiyo bwati yaweza kukaa pembeni bila mtu kuiona.

Tazameni gurudumu la chukudu. Mchongaji akitoboa tundu la kati pembeni kidogo, chukudu yapanda na kushuka kama mtu mwenye mguu mfupi, na kila mtu barabarani aona. Mhimili uliokaa pembeni kwa sehemu tatu za kumi za milimeta hauonekani kwa macho. Gari laondoka garajini vizuri. Baada ya muda kitesi cha kwanza chaanza kuwa kigumu kuingia. Kisha bushi ya kati yalika upande mmoja, rulema ya mbele ya bwati yalia, meno ya katikati ya sahani yalegea, na mwisho sahani yapasuka. Fundi amekwisha kulipwa zamani. Naye husema sahani ilikuwa mbovu, wenye gari hununua nyingine, nayo yapasuka vilevile. Nimeona kamyo moja iliyokula sahani tatu namna hiyo kati ya mavuno mawili, na hakuna aliyefungua kupima.

KUPIMA UREFU

Ncha ya mhimili wa bwati huingia katika tundu lililo mwisho wa mhimili wa motere, ndani ya bushi ya bronzi au rulema ndogo. Ncha hiyo sharti iingie ya kutosha, lakini isiguse chini ya tundu. Ikigusa, kila buloni inayokazwa huusukuma mhimili wa motere mbele, na vile vipande vyembamba vinavyouzuia usiende mbele wala nyuma vitakwisha upesi. Motere nzima itaharibika kwa kosa la milimeta mbili.

Unene wa bamba ndio unaotawala jambo hili. Fanyeni hesabu hii kabla ya kununua chuma. Laleni ubao ulionyoka juu ya uso wa kengele, mpime ncha ya mhimili imetokeza kiasi gani kupita uso huo. Tuseme ni mm 20. Nendeni kwenye motere. Pimeni kutoka uso wa nyuma wa motere: mdomo wa tundu la mhimili umetokeza nje mm 10, na chini ya tundu ni mm 8 ndani ya uso ule. Sasa jaribuni mabamba matatu kwa hesabu.

Bamba la mm 12: ncha yabaki imepita uso wa motere kwa mm 8. Chini ya tundu ni mm 8. Imegusa. Halifai.

Bamba la mm 25: ncha yakoma mm 5 kabla ya kufika uso wa motere. Mdomo wa tundu umetokeza mm 10, basi ncha imeingia mm 5 tu. Haishiki. Halifai.

Bamba la mm 16: ncha yapita uso kwa mm 4. Imeingia ndani ya tundu mm 14, na chini yabaki nafasi ya mm 4. Hili ndilo.

Gari lenu litakuwa na hesabu nyingine. Msichukue namba zangu. Ikiwa hakuna unene unaofaa, mkereza aweza kutengeneza bushi ndefu inayotokeza nje kuifuata ncha. Kukata ncha ya mhimili ni njia ya mwisho, maana chuma hakirudi.

Bushi yenyewe mara nyingi ni ya kutengeneza upya. Nje iwe sawa na tundu la motere, iingie kwa kugongwa polepole. Ndani iwe sawa na ncha ya bwati, izunguke bila kucheza.

BAMBA LENYEWE

Chuma cha kawaida chafaa, na aluminiamu nene yafaa. Bamba la chuma la mm 400 kwa 400, lenye unene wa mm 16, lina uzito wa kilo 20 kabla ya kukatwa. La aluminiamu la kadiri hiyo ni kama kilo 7. Chuma ni kizito, lakini katika soko la vyuma vikuukuu ndicho kinachopatikana, nacho hushika hesi vizuri. Kwa buloni ya mm 10, hesi ya mm 10 ndani ya chuma yatosha. Katika aluminiamu ifanyeni mm 15 hadi 20.

Msikate kwa moto mpaka juu ya mstari. Moto hukunja bamba na kugeuza ukingo kuwa mgumu hata kekee haiumi. Acheni milimeta 3 au 4 nje ya mstari, mmalize kwa tupa au kwa mashini ya kukereza. Halafu lilazeni bamba juu ya kioo kinene kilichonyoka. Karatasi nyembamba ya daftari isipite chini yake mahali popote. Ligeuzeni, mjaribu upande wa pili. Kisha pimeni unene wake katika pembe nne na kati ya pembe. Unene ukipungua upande mmoja, bwati itafungwa imeinama, na kuinama ni kubaya kama kukaa pembeni. Bamba lililokunjika lipelekwe kwa mkereza asawazishe nyuso zote mbili. Msidanganyike kwamba buloni zitalinyoosha.

Dirisha la katikati liwe pana, gurudumu zito na kifuniko cha klachi vipite bila kugusa.

MATUNDU, NA FIMBO YA KATI

Anzeni upande wa motere. Nyuma ya motere pana pini mbili za kiwandani. Bamba lipate matundu mawili ya pini hizo, yaliyobana, lisicheze hata kidogo. Matundu ya buloni yafuata baadaye. Vichwa vya buloni zinazoshika bamba juu ya motere sharti vizame ndani ya chuma, ili uso wa upande wa bwati ubaki laini. Chini ya kichwa kilichozama pasibaki chuma pungufu ya mm 5.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Bamba lenyewe likikaa pembeni kidogo juu ya motere, si kitu. Lililo lazima ni kwamba kila mara likifunguliwa na kufungwa lirudi palepale, na kazi hiyo ni ya pini. Bwati ndiyo itakayotafutiwa kati, nayo haitafutiwi kutoka kwenye bamba, bali kutoka kwenye mhimili wa motere.

Hutafutwa kwa fimbo ya kati. Mpeni mkereza chuma cha mviringo. Mwisho mmoja aukereze uingie barabara katika tundu la mhimili wa motere; mwisho wa pili auache mnene, au autie sahani, uingie barabara katika tundu la rulema ya mbele ya bwati, mhimili wa bwati ukiwa umetolewa. Miisho yote miwili ikerezwe bila kukitoa chuma katika mashini. Kikitolewa na kugeuzwa, miisho haitakuwa mstari mmoja, na fimbo itakuwa shahidi wa uongo.

Mwageni oili, msimamishe motere juu ya mbao, mbele ikitazama chini na mgongo juu. Kwa namna hiyo uzito hauvuti kitu upande. Ondoeni gurudumu zito. Fungeni bamba. Simamisheni fimbo katika tundu lake, kisha mshushe kengele juu ya fimbo mpaka ikae juu ya bamba. Ikiwa kengele haitoki katika bwati, itawalazimu kushusha nyumba nzima iliyo tupu, nayo ni kazi ya watu watatu. Izungusheni mpaka bwati isimame wima, kama itakavyokaa garini. Isipokuwa wima, oili yake itaegemea upande mmoja na mkono wa vitesi utalala. Tundu la bwati likiangukia juu ya tundu la motere, zungusheni nyuzi chache tu, au liacheni tundu hilo moja kama mengine yanatosha.

Tieni alama kupitia matundu ya kengele. Toboeni mawili kwanza, yanayoelekeana, mkate hesi, mfunge kwa mkono, mjaribu kama fimbo bado yatoka na kuingia bila kubanwa. Ndipo mtoboe mengine.

KUPIMA KWA MSHALE

Fimbo yatuleta karibu sana, lakini ushahidi hutolewa na kipimo cha mshale, kile chenye uso kama saa. Si kila garaji inacho. Ulizeni kwa wakereza. Rudisheni gurudumu zito mahali pake. Fungeni kipimo juu ya gurudumu, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu la rulema katika kengele. Uzungusheni mhimili wa motere kwa mkono, msome mshale mahali panne: juu, kulia, chini, kushoto.

Mshale huonyesha kosa mara mbili. Ikiwa juu ni 0 na chini ni mm 0.40, kengele iko pembeni kwa mm 0.20. Mafundi wengi hukubali mshale usogee mm 0.25 kwa mzunguko mzima, yaani kosa la kweli kama mm 0.13. Zaidi ya hapo, legezeni buloni, mgonge kengele polepole kwa nyundo ya mbao, mkaze, mpime tena. Yaweza kuchukua nusu siku. Mwenye gari asiyepewa nafasi ya kuuona mshale kwa macho yake ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kisha ncha ya kipimo iguse uso wa kengele unaotazama nyuma, mzungushe tena kuona kama imeinama. Hapa mhimili wa motere usukumwe upande mmoja daima, maana una nafasi ndogo ya kwenda mbele na nyuma, nayo itawadanganya.

Mkisha kuridhika, na buloni zikiwa zimekazwa, toboeni matundu mawili ya pini kupitia kengele na bamba kwa pamoja, mbali moja na jingine. Tieni pini za chuma za mm 10 zilizobana. Tangu sasa, hata fundi asiye na kipimo ataweza kufungua bwati na kuirudisha, nayo itakaa katika kati yake.

KLACHI NA DEMARERI

Hapa tutapita upesi. Sahani ya klachi ina mabwana wawili: meno ya katikati ni ya bwati, na upana wa nje ni wa gurudumu la motere. Tafuteni sahani inayowatumikia wote wawili. Ikikosekana, mafundi huhamisha kitovu cha sahani moja kwenda nyingine kwa misumari ya kuponda, na kazi hiyo apewe aliyeizoea. Angalieni pia kama rulema ya kusukuma yavifikia vidole vya klachi, kwa maana bamba limeisogeza bwati nyuma.

Demareri, ndiyo stata, ibaki ya motere ileile pamoja na gurudumu na taji lake la meno. Nafasi kati ya demareri na mhimili wa motere inakiliwe kutoka kengele ya zamani ya motere hiyo. Kwa hiyo mnaponunua motere, dai kengele yake pia, hata iliyovunjika.

KUFUNGA

Kabla ya kufunga bwati, shikeni gurudumu zito, mlisukume mbele na kulivuta nyuma. Mtasikia mchezo mdogo sana. Ingizeni bwati kwa mikono mpaka kengele iguse bamba pande zote. Ikibaki nafasi, hata ya unene wa kidole, msiivute kwa buloni. Kuna kitu kimezuia, itoeni mtazame. Buloni zikikazwa zote, zungusheni motere kwa mkono na kuusikiliza ule mchezo mdogo tena. Ukipotea, ncha imegusa chini, na hesabu ya urefu irudiwe.

Msisahau kwamba bamba la mm 16 limesogeza motere mbele au bwati nyuma kwa mm 16. Miguu ya motere na mhimili mrefu wa kwenda magurudumu ya nyuma vipimwe upya. Safari ya kwanza iwe tupu, mpaka Sake na kurudi, kilomita kama 50, na siku ya pili mkaze buloni zote kabla ya kutia mzigo.

Mwisho, kwa patasi na nyundo, pigeni alama juu ya ukingo wa bamba, mahali panapoonekana: jina la motere, jina la bwati, unene wa bamba, na namba ya sahani ya klachi. Fundi wa Rutshuru au wa Butembo atakayeifungua bwati hiyo miaka mingine ataagiza sahani moja, iliyo sawa, bila kukisia.